Samaki Mkunje Angali Mbichi: Historia ya Tiba ya Makovu ya Moto



Hapana nyumba katika pwani yetu isiyoujua moto. Kwa moto twapika wali na mchuzi, twakaanga sambusa na mahamri, twachemsha maji ya kumwosha mtoto mchanga. Na khasa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, utakuta sufuria ya uji, karai la mafuta na birika la chai vyote viko motoni kwa wakati mmoja, na watoto wapita katikati wakikimbizana. Ndiyo maana hapana mtaa usiokuwa na mtu mwenye kovu la moto: huyu shavuni, huyu shingoni, yule mkononi. Tumeyazoea makovu haya hata twayahesabu kuwa ni jambo aliloandikiwa mtu, lisilo na la kufanywa.

Makala haya yataka kuonyesha kuwa sivyo. Tiba ya makovu ya moto ina historia ndefu, na katika historia hiyo umo mkono wa matabibu wa Kiislamu wa zamani, na limo pia jambo lililotokea chini ya mlima wetu wa Kilimanjaro. Mafunzo ya kushika ni mawili. La kwanza, makovu si namna moja, na kila namna ina tiba yake. La pili, jeraha likifunga kazi haijaisha; ndiyo kwanza yaanza nusu ya pili, na nusu hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa watu wa nyumbani.

Kovu si aibu

Kabla ya kuingia katika tiba, yafaa tuondoe jambo moja nyoyoni mwetu, nalo ni aibu. Katika masahaba wa Mtume (s.a.w.) alikuwako Khabbab bin al-Aratt (r.a.), mhunzi wa Makka, mtumwa wa bibi mmoja wa mji huo. Aliposilimu, naye ni katika watu wa mwanzo kabisa, aliadhibiwa kwa makaa ya moto. Alilazwa chali juu yake mpaka moto ukazimwa na mafuta ya mgongo wake mwenyewe. Miaka mingi baadaye, Umar bin Khattab (r.a.) akiwa Khalifa, alimkalisha Khabbab karibu naye akamwuliza habari za mateso yale. Khabbab hakusema mengi. Aliufunua mgongo wake. Umar akakiri kuwa hajapata kuona mgongo kama ule.

Khabbab alikufa mjini Kufa mwaka 37 Hijria, na makovu yake akayachukua pamoja naye. Lakini hayakumfungia ndani, wala hayakumtoa katika baraza la watu wakubwa.

Sasa tutazame hali zetu. Mtoto aliyeungua uso, wageni wakija huambiwa aende chumba cha ndani. Mwingine huondolewa chuoni kwa sababu wenziwe wamcheka. Binti huambiwa mbele ya macho yake kuwa hataolewa. Na ubaya wa aibu hii haukomi kwenye kuvunja moyo. Mtoto anayefichwa wageni hufichwa na daktari vile vile, na miezi ile ambayo kovu lake lingaliweza kutibika kwa urahisi hupita bure.

Namna nne za makovu

Basi tujue kwanza makovu yenyewe. Ya kwanza ni kovu bapa. Moto uliunguza juu juu, ngozi ikarudi ikiwa laini, lakini rangi ikabadilika: pengine nyeupe, pengine nyeusi kuliko mahali pengine. Hili halina madhara ila sura yake.

Ya pili ni kovu nene. Hili mara nyingi hutokana na jeraha lililochukua zaidi ya wiki tatu kupona. Huinuka, likawa gumu, lawasha sana usiku, lakini halivuki mpaka wa jeraha lenyewe. Huvimba katika miezi ya mwanzo, na baada ya mwaka mmoja au miwili huanza kulainika na kushuka.

Ya tatu ni keloidi. Hii nayo huvimba, lakini haina adabu ya mpaka. Huitoka sehemu iliyoungua ikaingia katika ngozi nzima ya pembeni, na haishuki yenyewe. Hupenda kifua, mabega, taya na ndewe za masikio, na watu wenye ngozi nyeusi hupatwa nayo zaidi kuliko weupe. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si alama ya laana ya mtu yeyote.

Ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni kovu livutalo. Likiwa juu ya kiungo, kovu hujikaza na kujifupisha kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Likiwa shingoni huvuta kidevu kikashikana na kifua. Likiwa kwapani mkono hauinuki. Likiwa kiganjani vidole hujikunja vikabaki ngumi maisha yote. Mtu huyu hakupoteza sura peke yake, amepoteza mkono wa kushika kalamu au jembe.

Matabibu wa Kiislamu

Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa mji wa Rayy katika Uajemi, aliyefariki mwaka 925, ni katika waliousia kutuliza moto wa mwilini kwa maji baridi. Twasikia wazee wakisema dawa ya moto ni moto. Maneno hayo yana mahali pake katika ugomvi wa watu, lakini kwa ngozi iliyoungua dawa ya moto ni maji, na elimu ya leo imekuja kuyathibitisha hayo baada ya miaka zaidi ya elfu moja.

Baada yake akaja Abul-Qasim al-Zahrawi, wa mji wa al-Zahra karibu na Cordoba katika Andalus, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake, al-Tasrif, kina sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo vya mpasuaji alivyovichora mwenyewe. Humo alieleza habari ya vidole vilivyoshikana. Akasema kuwa pengine mtu huzaliwa navyo hivyo, na pengine hushikana baada ya jeraha au baada ya kuungua moto. Tiba yake ni kuvitenganisha kwa kisu mpaka virudie umbo lake la asili, kisha kuweka kati yake vitambaa vilivyotiwa mafuta ya waridi, au bamba jembamba la risasi, mpaka pale pote papone, ili visirudi kushikana.

Zingatia hapo, msomaji. Kukata ni kazi ya dakika chache, lakini al-Zahrawi alijua kuwa kovu lina tabia ya kurudi kulekule lilikotoka, basi akaweka mlinzi katikati ya vidole mpaka siku ya kupona. Huo ndio msingi wa tiba ya kovu livutalo hata leo. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ya upasuaji ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona mjini Toledo, na wapasuaji wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Wajerumani, Wafaransa na waliofuata

Mwaka 1607 mpasuaji Mjerumani, Wilhelm Fabry, alitoa kitabu kizima juu ya majeraha ya moto. Aliyagawa majeraha hayo katika daraja tatu kwa kina chake, na akachora chombo cha kuvuta vidole vilivyokunjwa na kovu, kikivinyoosha kidogo kidogo. Ni wazo lile lile la kumwekea kovu mlinzi.

Keloidi ilichelewa kujulikana. Mwaka 1806 daktari Mfaransa aitwaye Jean-Louis Alibert aliieleza, na mwanzo alidhani kuwa ni jamaa ya saratani. Baadaye aliona kuwa sivyo, akaipa jina jipya kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, kwa namna inavyonyoosha ncha zake pembeni na kuishika ngozi iliyo nzima. Sisi watu wa pwani tumjuao kaa na gando lake hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mfaransa mwingine, Jean-Nicolas Marjolin, mwaka 1828 aliandika habari ya madonda yatokayo juu ya makovu ya zamani. Siku hizi yajulikana kuwa kovu la moto lililokaa miaka mingi, pengine 30, laweza kuota donda lisilopona, na donda hilo likawa saratani. Kwa hiyo mzee mwenye kovu la utotoni likianza kuchimbika na kutoa maji asiseme limetoneshwa tu. Na aende hospitali mapema.

Kisha ukaja mlango wa kupandikiza ngozi. Mwaka 1869 Jacques-Louis Reverdin, kijana wa Geneva aliyekuwa akifanya kazi mjini Paris, alichukua vipande vidogo vidogo vya ngozi nzima akaviweka juu ya jeraha lililokataa kufunga, navyo vikashika na kumea. Mwaka 1875 John Wolfe wa Glasgow alitengeneza ukope wa mtu aliyeumizwa na mlipuko wa baruti, kwa kipande cha ngozi kamili, unene wake wote. Kutokana na kazi za watu hawa ikajulikana kanuni kubwa: ngozi nyembamba hushika kwa urahisi lakini baadaye hujikunja, ngozi nene ni taabu kushika, lakini ikishika haijikunji sana. Ndiyo sababu mpasuaji hutumia ile nyembamba kufunika mgongo mpana, na ile nene kwa ukope au kiganja.

Karne hiyo hiyo ya 19 ulianza ufundi wa kukata kwa mfano wa herufi Z. Kovu likiwa kama kamba iliyokazwa, mpasuaji hulikata kwa sura ya Z, kisha hubadilishana zile pembe mbili za ngozi, ya juu ikaja chini na ya chini ikaenda juu. Pembe zikiwa za digrii 60, kwa hesabu mstari ule huongezeka urefu kwa robo tatu. Hapana ngozi iliyotoka nje. Ni ile ile iliyogeuzwa kwa akili.

Kutoka East Grinstead hadi Kilimanjaro

Vita Kuu ya pili ilileta majeruhi wa namna mpya: vijana warushao ndege, ambao tangi la petroli liliwalipukia usoni na mikononi. Wengi walipelekwa katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza, kwa mpasuaji Archibald McIndoe, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1900.

Wakati ule desturi ilikuwa kupaka jeraha la moto dawa ya taniki, ambayo hukauka ikawa ganda gumu. McIndoe aliona kuwa ganda hilo likijikaza huvuta vidole na kope, na laongeza ulemavu. Aliona pia kuwa wale walioanguka baharini majeraha yao yalikuwa na hali njema kuliko ya walioanguka nchi kavu. Akaiacha taniki, akawa akiwalaza wagonjwa katika maji ya chumvi yaliyopimwa.

Lakini jambo lake kubwa halikuwa la kisu wala la maji. Wagonjwa wake walipasuliwa mara kumi, mara ishirini, kwa miaka, na baina ya upasuaji mmoja na mwingine hakukubali wafichwe. Aliwaacha wavae nguo zao za kijeshi, watoke mjini, waketi mikahawani. Naye aliwaomba watu wa mji wawaalike nyumbani na wasiwakodolee macho. Watu wa mji wakaitika, hata East Grinstead ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. Wengi walirudi kazini, wakaoa, wakapata watoto.

Habari hii yatufikia na sisi. Daktari Michael Wood, aliyejifunza kwa McIndoe, alikuwa akifanya kazi Afrika Mashariki, na McIndoe mwenyewe alikuwa na shamba katika mitelemko ya Kilimanjaro. Wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees, naye mwanafunzi wa McIndoe, walifikiri namna ya kuwapelekea wapasuaji watu wa mbali, na mwaka 1957 ukaanzishwa mfuko wa madaktari waendao kwa ndege, ambao leo wajulikana kwa jina la AMREF. Kwa hiyo ufundi uliozaliwa kwa vijana walioungua vitani ukafika kwa watu wa huku.

Kukandamiza kovu

Kwa kovu nene, tiba kubwa ilipatikana bila kisu. Mwaka 1971 madaktari wa hospitali ya watoto walioungua mjini Galveston, Marekani, walitangaza waliyoyaona: mahali ambapo kovu lilikandamizwa na gango au bendeji kwa muda mrefu, lilishuka na kulainika. Zikaanza kushonwa nguo za kubana, kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe, za kuvaliwa karibu saa 23 kila siku, kwa miezi sita, mwaka au zaidi. Mwaka 1983 madaktari wa Australia wakaeleza faida ya vipande laini vya silikoni vinavyobandikwa juu ya kovu.

Keloidi ina njia yake. Kuikata peke yake mara nyingi ni kuichokoza, kwani hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Tangu miaka ya 1960 hutibiwa kwa sindano za dawa ya kuinyongesha, zinazochomwa ndani ya uvimbe wenyewe kila baada ya wiki kadhaa. Na ikikatwa, hukatwa pamoja na sindano hizo au mionzi. Siku hizi mna leza pia kwa makovu ya namna mbali mbali. Basi amwendeaye mtu wa mtaani mwenye wembe ili amkate keloidi, amenunua taabu kwa fedha zake.

Ama kovu bapa, dawa yake kubwa ni subira na kivuli. Jua huharibu rangi ya ngozi changa, basi lifunikwe kwa kanga, kofia au mkono mrefu wa kanzu. Na mabinti wajihadhari na mkorogo wa kuchubua ngozi, kwani humo mwaweza kuwa na zebaki, na sumu hiyo hupenya ngozi ikadhuru mafigo.

Yatupasayo nyumbani

Sasa tufike kwenye ile nusu iliyo mikononi mwetu. Mtu akiungua, apozwe kwa maji safi ya kawaida yatiririkayo kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala samli, wala majivu. Kila siku ambayo jeraha lapona mapema bila kuoza ni kovu lililopungua.

Jeraha likiwa juu ya kiungo, mwuguzaji aliye nyumbani ashike kanuni hii: namna mgonjwa anavyopenda kulala ndiyo namna kovu litakavyomfunga. Aliyeungua shingo apenda mto, na mto ndio utakaomshusha kidevu. Basi alale bila mto. Aliyeungua kwapa apenda kubana mkono ubavuni. Basi uwekwe mbali na mwili. Kiganja kikae wazi na vidole vimetanuliwa, goti na kiwiko vinyooshwe. Daktari akitoa gango livaliwe usiku, hata mtoto akilia. Na mchana kiungo kinyooshwe mara kadhaa, kama alivyofundishwa mama na wauguzi.

Jeraha likishafunga kabisa, kovu lisuguliwe taratibu kwa mafuta yasiyo na manukato, mathalan mafuta safi ya nazi, kwani ngozi ya kovu haina mafuta yake yenyewe, na ukavu ndio uzidishao muwasho. Kazi hii yataka kurudiwa kila siku kwa mwaka mzima.

Twajua ni vigumu. Mama amshikaye mwanawe mkono na kuunyoosha, naye mtoto amlilia amwachie, moyo wake humuuma, na jirani huja akamwambia mwache maskini asiteseke. Lakini huruma ya kumwacha ni ya leo tu, na malipo yake ni mkono usiofunguka miaka 50. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kovu la miezi mitatu husikia vidole vya mama; kovu la miaka mitatu halisikii ila kisu cha mpasuaji.

Na kama miaka imekwisha kupita, usikate tamaa pia. Kisu chenyewe kipo, ngozi yaweza kupandikizwa, na kidevu kilichoshikana na kifua chaweza kuachiliwa. Mpeleke mgonjwa wako katika hospitali kubwa iliyo karibu, umwulize daktari maswali matatu: kovu hili ni la namna gani, lataka nini, na sisi nyumbani tufanye nini? Mtume wetu (s.a.w.) aliwaambia watu wajitibu, na mwenye kukaa na mgonjwa wake chumbani kwa kuwaonea haya walimwengu ameliacha agizo hilo.

Na wewe usiyekuwa na mgonjwa una wajibu wako. Mtoto mwenye kovu akipita barazani, mwite kwa jina lake, mjibu salamu, mtume dukani kama unavyowatuma wenziwe. Walimu wa chuo wamkalishe safu ya mbele na wamkanye amchekaye.

Mwenyezi Mungu awaponye walioungua, awape nguvu wanaowauguza, na atukinge sote na moto wa dunia na wa akhera. Amin.